Jaji Alipomfuata Mama Navakholo

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa karani na mkalimani katika mahakama ya Kakamega. Shahidi akizungumza Kiluhya, mimi nayatoa maneno yake kwa Kiswahili au Kiingereza. Wakili akiuliza kwa Kiingereza, namgeuzia shahidi kwa lugha ya nyumbani kwao. Siku ya kwanza kazini, karani mzee aliyenifundisha alinipa kanuni moja tu: usiongeze, usipunguze. Shahidi akitukana, nawe tukana. Akilia, ngoja anyamaze, halafu useme alichosema.

Katika miaka hiyo nimetafsiri kesi nyingi za mirathi kuliko za wizi. Nimeona mabinti walioolewa wakisimama kudai fungu katika shamba la baba yao, na kulipata. Nilipoanza kazi, binti akidai hivyo watu walikuwa wanacheka kwenye mabenchi ya nyuma. Siku hizi hawacheki. Nimeona wajane wakirudishiwa nyumba walizofukuzwa, na watoto wa nje ya ndoa wakiandikwa kwenye orodha ya warithi. Mara nyingi baada ya hukumu ya namna hiyo hurudi nyumbani nikitembea polepole, nikifurahi kwamba maneno yale yamepitia kinywani mwangu.

Lakini kesi ninayoikumbuka zaidi haikuhusu marehemu. Ilihusu mama mmoja wa Navakholo ambaye alikuwa hai, ameketi mbele yetu, na watu wakimzungumzia kana kwamba ameshazikwa.

Alikuwa amepita miaka themanini. Alifiwa na mume akiwa bado na nguvu, akalima miwa, na kwa miwa hiyo akanunua shamba lake mwenyewe. Hatimiliki ilikuwa na jina lake peke yake. Alijaliwa wana wawili. Mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia Lugari, ambako alikuwa na mashamba yake ya mahindi. Mdogo alibaki nyumbani, akaoa, akafa kwa ugonjwa, akamwacha mjane na watoto. Yule mjane hakuondoka. Alibaki na mama mkwe wake, akalima, akasomesha watoto, na mama alipoanza kudhoofika yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumpikia.

Yule mama aliamua kumkatia mkwewe sehemu ya shamba, iandikwe kwa jina lake kabla yeye hajafa. Walienda pamoja mbele ya bodi ya ardhi kuomba kibali. Mwana mkubwa aliposikia, alikimbilia mahakamani. Aliomba atangazwe mlezi wa kisheria wa mama yake na msimamizi wa mali yake yote, kwa sababu, alisema katika hati yake ya kiapo, akili za mama zilikuwa zimekwisha na mkwewe alikuwa akimchezea. Aliambatisha cheti cha daktari kilichosema kwamba mama hakuweza kutaja tarehe wala mwaka, na hakujibu maswali mengine.

Ni lazima niseme wazi kwamba mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Kila siku ya kesi alikuja na chupa ya chai kwa ajili ya mama yake, akammiminia mwenyewe kwenye kikombe na kukishika mpaka amalize. Nilimsikia akimwambia wakili wake kwenye korido kwamba alipoenda kumwona mama Krismasi iliyopita, alimwita kwa jina la mdogo wake marehemu siku nzima. Nadhani alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa imeshika umbo la kesi.

Jaji wetu wakati huo alikuwa mwanamke kutoka Pwani, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwa kalamu ya wino hata baada ya kompyuta kuletwa. Kiluhya hakukijua hata kidogo.

Siku ya kusikilizwa, yule mama aliletwa akiwa ameshikwa mkono na mkwewe. Alivaa kitambaa cha kichwa na sweta nzito, ijapokuwa joto lilikuwa kali. Ukumbi wetu una dari ya juu na sauti inazunguka humo kama ndani ya pipa. Mama alikuwa haoni vizuri na sikio moja lilikuwa limeziba. Nilipoinama kumtafsiria karibu na sikio lililosikia, wakili wa mwalimu alisimama na kusema mkalimani anamnong'oneza shahidi. Nikaambiwa nisimame wima na kusema kwa sauti ya kusikika na wote. Nikatii. Yeye akawa anapata nusu ya ninachosema.

Wakili alimuuliza leo ni tarehe ngapi. Mama akafikiri, akajibu kwamba leo si siku ya soko. Nikatafsiri. Akaulizwa ni mwaka gani, akasema hajui. Akaulizwa amefikaje pale, akasema ameletwa. Ameletwa na nani? Na gari. Watu wawili watatu wakacheka nyuma, na mimi nikaendelea kutafsiri, neno kwa neno, huku nikijihisi kama mtu anayemvua mzee nguo mbele za watu.

Kisha akaulizwa ana watoto wangapi.

"Wawili," akasema. Hilo alilisikia vizuri.

"Wako wapi?"

Akaelekeza kidole mahali mwalimu alipoketi. "Mmoja ni huyu. Mwingine amelala nyuma ya nyumba."

Huku kwetu hakuna mtu mzima asiyeelewa maneno hayo. Tunazika nyumbani. Mtu aliyelala nyuma ya nyumba ni mtu aliyezikwa hapo, na kusema hivyo ni heshima, kwa sababu mama hapendi kumtaja mwanawe pamoja na neno kufa. Lakini kanuni ni usiongeze, usipunguze. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mtoto wa pili amelala usingizi nyuma ya nyumba. Nilipotamka lile neno la usingizi nilijua nimekosea. Nilikuwa nimelibeba neno na kuiacha maana yake nyuma.

Wakili hakuuliza swali lingine. Alimgeukia jaji, akasema kwa upole kwamba mahakama imejisikia yenyewe. Shahidi anaamini mwanawe aliyefariki miaka mingi iliyopita amelala usingizi uani. Akaketi.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Yeye ni mtoto wa nyumba ile, na alielewa kuliko sisi sote.

Niliinua mkono nikaomba ruhusa ya kueleza neno. Wakili akapinga mara moja, akisema mkalimani si shahidi. Jaji alinitazama juu ya miwani yake.

"Ni kweli," akasema. "Mkalimani hatoi ushahidi. Keti."

Niliketi. Nilimwona jaji akiandika kitu kirefu, kisha akapiga mstari chini yake, na mimi nikaamini anaandika yale niliyoyasema vibaya.

Jioni hiyo sikuweza kula. Wakati ule mama yangu mzazi alikuwa akikaa nami mjini. Tulikuwa tumemtoa kijijini miezi kadhaa kabla, mimi na kaka yangu, baada ya yeye kuteleza na kuumia nyonga. Tukiwa mezani, kaka alipiga simu kutoka Nairobi kama kawaida yake, akauliza mama anaendeleaje. Nikajibu yuko sawa, amekula, usingizi anapata. Kaka akaniambia amempata mkulima wa miwa anayetaka kukodi shamba la mama, na nikamwambia ni vizuri, aendelee. Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, anachambua mifupa ya samaki kwa vidole, anasikia kila neno. Nilipoweka simu chini nilimwona ananitazama. Nikaanza kukusanya sahani.

Baada ya siku chache jaji alituita, mawakili na sisi makarani, akatoa maagizo mawili. La kwanza, mama achunguzwe upya na daktari wa hospitali ya umma, kwa lugha yake, akiwa na mkalimani, na aketi upande wa sikio linalosikia. La pili, mahakama itahamia nyumbani kwake Navakholo kwa asubuhi moja, ikamsikilize huko. Wakili wa mwalimu alisema haoni haja, kwani ushahidi umeshatolewa. Jaji akamjibu kwamba hajamsikia shahidi bado. Amesikia ukumbi tu.

Nimekaa na majaji wengi, wazuri kwa wabaya. Siku ile nilimwona huyu kwa jicho jingine.

Tulikwenda na magari mawili. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya murram ilikuwa inateleza, boda boda zikitupisha kwa kuingia kwenye mtaro. Mahindi yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele. Tulipofika, yule mama alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya upenu wa jiko, bila sweta, mikono yake ikipukuchua maharagwe bila yeye kuitazama. Mabovu aliyatupa kando na mazuri akayaacha yaanguke kwenye ungo. Nilisimama nikamwangalia kwa muda. Huyu hakuwa mtu niliyemwona kizimbani.

Jaji alikwenda moja kwa moja akainama mbele yake. "Shikamoo, mama."

Mama hakujua ajibu nini, maana salamu hiyo si ya huku. Akanyoosha mkono. "Mulembe," akasema.

"Mulembe," jaji akajibu, na kulitamka vibaya, na mama akamrudia neno polepole mpaka alipolipata.

Jaji aliagiza niketi mkekani, upande wa sikio zuri, nisemee hapo hapo kwa sauti ya kawaida. Viti vikaletwa kwa wengine. Kabla ya swali lolote, mama alimwita mkwewe na kumwambia awaletee wageni chai, na kuku akamatwe. Jaji akanituma nimweleze kwamba sheria haimruhusu kula kwa mtu ambaye bado hajamwamulia kesi. Nilipomweleza, mama alilitafakari jambo hilo. Lilimkera.

"Basi mwambie aamue haraka," akasema.

Hata mwalimu alicheka.

Sitaki kumfanya mama yule kuwa kitu asichokuwa. Alisahau. Asubuhi ile aliniuliza mara tatu mimi ni binti wa nani, na mara zote tatu nikamjibu. Katikati ya mazungumzo alisimama akamuuliza mkwewe mgeni yule mwenye miwani ametoka wapi. Mwaka hakuujua hapo pia. Jaji aliyaandika yote hayo, sikumwona akiruka hata moja.

Lakini alipomuuliza kuhusu shamba, mama aliweka ungo pembeni. Alisema shamba ni lake, hakuachiwa na mtu. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja wakampimia kwa hatua sehemu ya kulala na sehemu ya kulima, yeye na watoto wake, kwenye ardhi aliyokuwa ameilima tangu aolewe, na baadaye wakamfukuza hata hapo. Ndiyo maana alitafuta shamba lisilo la ukoo wowote. Akaeleza miwa aliyolima, mahali alipolima, na mtu aliyemuuzia ardhi hii na watoto wa mtu huyo mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mti wa lusiola uliokuwa katikati ya shamba.

"Kutoka mti ule mpaka mtoni ni ya huyu," akasema, akimwonyesha mkwewe. "Hapo ndipo analima. Huku juu, upande wa barabara, ni ya mwalimu. Barabarani ardhi ni nzuri zaidi. Yeye ndiye mkubwa."

Nilipotafsiri, mwalimu aliinua kichwa. Nilijua hapo hapo kwamba hakuwa na habari. Alikuwa amesikia mama anamwandikia mkwe, akadhani ni shamba zima.

Jaji akamuuliza mama kwa nini asiwaachie watoto wagawane wenyewe baada ya yeye kuondoka. Mama alimtazama kwa macho yale yasiyoona vizuri.

"Mimi nilifukuzwa na watu waliokuwa wanakula kwangu," akasema. "Huyu hana mtu. Nikifa bila kuandika, mwalimu hatamfukuza. Lakini watoto wa mwalimu hawajala chakula changu. Hao siwajui."

Halafu, bila kuombwa, akainuka. Alimshika jaji mkono kama mtu anayemwongoza mtoto kuvuka barabara na kuondoka naye. Sisi tukafuata. Tulizunguka jiko, tukapita banda la kuku, tukafika nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na kaburi la saruji, limefagiwa, na pembeni mtu alikuwa amepanda maua ya njano. Mama akaweka kiganja chake juu ya saruji.

"Huyu ndiye niliyewaambia amelala hapa," akasema.

Nilitafsiri. Mara hii nililitafsiri kama linavyopaswa, na hakuna aliyepinga.

Jaji alikuwa bado ameshikwa mkono. Kisha akamgeukia mwana mkubwa na kumuuliza kwa Kiswahili, bila kupitia kwa mtu.

"Mwalimu, siku ile mahakamani, mama aliposema mwanawe amelala nyuma ya nyumba, wewe ulielewa nini?"

Wakili wake alianza kusema kitu. Mwalimu akamzuia kwa mkono.

"Nilielewa kaburi," akasema.

"Na hukusema."

"Sikusema, Mheshimiwa. Nilitaka kushinda."

Nimesikia watu wakiungama makosa makubwa kuliko hilo, na mengi yamenipitia nikaenda kula chakula cha mchana. Hilo halikunipita. Ilimgharimu mzee wa makamo yake, aliyesomesha watoto wa watu maisha yake yote, kusema neno kama hilo mbele ya mama yake, mkwe wao na kaburi la mdogo wake. Hakuna aliyemshurutisha. Angeweza kusema hakusikia vizuri, na nani angembishia?

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye. Jaji aliagiza nisimame karibu na mama, nimweleze kila aya kabla yeye hajaendelea na nyingine, hivyo shughuli ikachukua asubuhi nzima. Ripoti mpya ya daktari ilisema mama anasahau mambo ya karibu, na kwamba hali hiyo huenda ikazidi, lakini anaelewa mali yake, anawajua watu wake, na anajua matokeo ya anachotaka kufanya. Jaji alisema sheria yetu haianzi kwa kumshuku mtu kwa sababu ya umri. Kila mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kuamua mambo yake, na anayesema hawezi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Alisema kusahau tarehe si sawa na kutojua unachotaka. Alisema Katiba imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na heshima hiyo inaanza na kuulizwa. Pale ambapo mzee anahitaji msaada ili aelewe na aeleweke, kwanza apewe huo msaada. Kumnyang'anya mtu uamuzi wake ni jambo la mwisho kabisa, baada ya mengine yote kushindikana.

Hakumtupa mwalimu. Aliagiza hati za kugawa shamba zisomwe kwa mama kwa lugha yake, siku mbili tofauti, mbele ya msajili wa mahakama, na mwana mkubwa awepo kama anataka. Ikiwa mama atakubali siku zote mbili, ziandikishwe. Na kama siku moja hali yake itabadilika, familia irudi, na mlango utakuwa wazi. Ombi la mwalimu likatupiliwa mbali. Kuhusu gharama alisema hii ni familia, na kila upande ubebe zake.

Mwishoni aliongeza jambo ambalo halikuwa katika karatasi. Alisema mahakama ilikosea kumsikiliza shahidi huku mkalimani akiwa amesimamishwa mbali na sikio lake, na kwamba kosa hilo ni la mahakama, si la shahidi wala la mkalimani. Nilitakiwa kulitafsiri hilo pia. Nilisita kidogo kabla ya kulitafsiri, na jaji akaningoja.

Mama alisikiliza yote. Nilipomaliza aliniuliza kama sasa yule mwenye miwani anaweza kula kuku wake.

Msajili alimsomea hati mara ya kwanza, na mimi nikatafsiri. Mara ya pili, baada ya wiki mbili, mama alikuwa amesahau kabisa kwamba ameshasomewa. Msajili alianza upya tangu mwanzo, bila kumwonyesha uchovu. Alipofika mahali pa mti wa lusiola, mama alimkatiza, akasema mwenyewe mipaka yote, kutoka mti mpaka mto na kutoka mti mpaka barabara, vile vile alivyosema mkekani. Msajili akaniangalia. Mama akatia alama ya dole gumba, na mwalimu, aliyekuja siku zote mbili, akamfuta wino kwa kitambaa chake.

Mkwewe ndiye aliyenihadithia siku ya upimaji, alipokuja mahakamani kuchukua nakala ya amri. Alisema mpima ardhi alikuja na vijiti vyake, na mwalimu akaja kutoka Lugari na viatu vya shamba. Yeye ndiye aliyeshika upande mmoja wa mnyororo wa kupimia, na mjane wa mdogo wake akashika mwingine. Hawakuzungumza sana. Wakati wa chakula alikaa jikoni akala obusuma, ugali wa huku, na mboga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kesi ianze.

Nilimuuliza mama yukoje. Akasema, "Sasa anasahaunga hata mimi, siku zingine. Asubuhi ananiuliza mimi nimeolewa wapi. Namwambia hapa. Anafurahi."

Kwa hiyo mwalimu alikuwa amekosea, na alikuwa ameona kweli. Mama alikuwa njiani kuelekea mahali ambapo mwalimu alihofia atafika. Lakini wakati ule alikuwa hajafika, na jaji alikataa kumfikisha kabla ya siku zake. Kama angefuata njia ya mkato, kesi ingekwisha mchana mmoja na hakuna ambaye angemlaumu. Cheti cha daktari kilikuwepo, na tafsiri yangu ilikuwepo. Tangu hapo nimetafsiri maamuzi mengine yanayofanana na lile, ya majaji wengine, wazee wakihojiwa kwa sauti ya taratibu wakiwa wameketi, na kila mara mioyo ya watu ukumbini inaonekana kutulia. Lakini mimi nililiona la kwanza likitembea kwenye matope ya Navakholo, na nimebaki na heshima kwa wote wanne: jaji, mama, mkwe aliyebaki, na mwalimu aliyesema kweli kwa hasara yake mwenyewe.

Na mama yangu. Jumapili moja baada ya ule uamuzi, nilizima televisheni nikaketi mbele yake. Nilimwambia kuhusu mkulima wa miwa na shamba, ingawa alikuwa ameshasikia yote kwa simu. Nikamuuliza anataka nini.

Alikuwa hajazoea kuulizwa. Kisha akasema anataka kurudi nyumbani kwake. Alisema mjini hakuna mtu wa kumpigia hodi. Nyonga anaijua, ataanguka tena au hataanguka, lakini kule akianguka majirani watasikia.

Kaka yangu alikasirika nilipompigia. Alisema nimemtia mama maneno kinywani, na nikamwambia ampigie mwenyewe. Alimpigia. Mazungumzo yao yalichukua muda mrefu, na mimi nilitoka nje nikaanua nguo ili nisisikie.

Tulimrudisha mwezi uliofuata. Tuliweka vyuma vya kushikilia kwenye choo na mlangoni, na binamu yangu aliyekuwa hana kazi akahamia kwake. Mama alikataa kukodisha shamba. Alisema sehemu ya mbele ipandwe maharagwe na mihogo, na nyuma iachwe ipumzike, na alisimama na fimbo yake kuonyesha mbele inaishia wapi. Ameanguka mara moja tangu wakati huo. Alinipigia mwenyewe kuniambia, na aliponiona nikija mbio na gari la kukodi alishangaa, maana alikuwa amesema tu ili nijue.